Shakespeare aliitwa kortini akasema hakumbuki pesa ilikuwa ngapi, na mimi nimeitwa na wazee Jumamosi

fundi_bondeni (Nakuru)

Hamjambo wote humu. Niko na maswali mawili yameshikana, moja ni la historia na lingine ni la maisha yangu, naomba mnivumilie juu siwezi kulifupisha bila kuliharibu.

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Bondeni, miaka ishirini na kitu sasa. Jirani yangu wa kibanda ni mzee wa kutengeneza sofa, tumekula githeri sahani moja miaka yote hiyo. Alikuwa na kijana aliyemtoa nyumbani akiwa hata ndevu hajaota, akamfundisha kazi, na yule kijana akamfanyia kazi miaka sita akipewa chakula cha mchana na nauli, mshahara hakuna. Mzee pia alikuwa analea binti wa marehemu dada yake. Kijana na huyo binti wakapendana lakini kijana akawa anaogopa kuoa juu hana kitu. Basi mzee akanivuta kwa kibanda cha chai akaniambia wewe anakuheshimu, mwambie amuoe huyu mtoto, asihangaike, nikiuza ile ploti nitampa pesa afungue karakana yake. Akataja na kiasi. Nikaenda nikamwambia kijana, akaamini juu ni mimi nimesema, wakaoana mwisho wa 2021. Ploti iliuzwa. Kijana alipewa godoro, meza moja, nyundo na mkasi wa zamani na elfu kumi, basi, ya karakana hajaiona mpaka leo.

Sasa amepeleka kwa wazee wa mtaa na mimi ndio shahidi wa pekee. Shida ni hii, ahadi naikumbuka vizuri, hata mahali nilikuwa nimekaa nakumbuka, lakini kiasi siwezi kuapa. Mara kichwani inakuja laki moja na nusu mara inakuja laki mbili. Na mzee alinijia juzi jioni akanisalimia vizuri sana, akasema kama hukumbuki sema tu hukumbuki, hakuna mtu amewahi kufungwa kwa kusahau.

Binti yangu yuko fomu tatu, kuniona na mawazo akaniuliza, nikamwambia. Akaniambia baba, Shakespeare alipitia hii kitu, aliitwa korti London mwaka wa 1612 kutoa ushahidi juu ya pesa ambayo mwenye nyumba wake aliahidi kijana aliyeoa binti yake, akasema ahadi ilikuwepo lakini kiasi hakumbuki. Sijalala vizuri tangu nisikie hiyo.

Naomba anayejua anieleze. Ni kweli? Alisahau ama alikuwa anamfunika mwenye nyumba? Kijana alilipwa? Na mimi Jumamosi niseme nini?

mama_kibuye (Kisumu)

Mwanangu, mimi nimesimamia ndoa tisa kama jagam, huku kwetu jagam ni yule anayesimama katikati ya nyumba mbili, na nakwambia bila kuzunguka, jagam hasahau pesa. Atasahau rangi ya gauni, atasahau nani alikula kuku, lakini ng'ombe ni wangapi na pesa ni ngapi hiyo anakufa nayo. Juu siku ikiharibika ndo atarudiwa yeye.

Huyo Shakespeare kama ndiye alimwendea kijana akamwambia oa, basi alikuwa jagam wao, na akasimama mbele ya korti akasema hakumbuki? Mimi siamini.

Lakini nieleweshwe kitu kimoja, inakuaje baba ya msichana ndo anatoa pesa? Si kijana ndo anapeleka mahari?

mwalimu_lurambi (Kakamega)

Fundi, ni kweli kabisa, na binti yako anasoma vizuri, mpe hongera.

Nianze na swali la mama. Kule Uingereza wakati huo ilikuwa kinyume na yetu, binti akiolewa baba ndo anatoa fungu lake, pesa na vyombo, linaenda kwa bwana harusi waanzie nalo maisha. Mkataba mkubwa kabisa wa maisha ya kijana ulikuwa hapo. Kama wewe ni mwanafunzi wa kazi, umemaliza miaka yako kwa bosi na huna mtaji, fungu la bibi ndilo duka lako. Kwa hivyo baba kuvunja ahadi ile si kama mtu amekosa kuleta zawadi, amekukata miguu.

Sasa kesi yenyewe. Bosi anaitwa Christopher Mountjoy, Mprotestanti wa Kifaransa aliyehamia London. Yeye na mkewe Marie walikuwa wanatengeneza mapambo ya kichwa ya mabibi wakubwa, vitu vya hariri na nyuzi za dhahabu na nywele, kazi ya bei, hata malkia Anne mke wa mfalme James alikuwa mteja wa huyo mama. Walikaa mtaa wa Silver Street, na ndani ya nyumba walikuwa na mpangaji, mwandishi wa michezo, ndo huyo Shakespeare. Mwanafunzi wao wa kazi alikuwa Stephen Belott, Mfaransa pia. Binti yao wa pekee aliitwa Mary.

Mama ndiye aliyetaka ndoa. Shakespeare mwenyewe aliambia korti kwamba Marie alimsihi amshawishi Belott. Mjakazi wa nyumba, Joan Johnson, yeye alisema ni mzee Mountjoy aliyemtuma mpangaji mmoja bwana Shakespeare amshawishi kijana. Wakaoana tarehe 19 Novemba 1604, kanisa la St Olave hapohapo mtaani. Mwaka wa 1606 mama akafa, na nadhani yule mama ndiye alikuwa gundi ya ile nyumba, kwa sababu Belott na mkewe walirudi kufanya biashara na mzee na haikuchukua muda wakakosana kabisa. Mwanzoni mwa 1612 Belott akashtaki. Alisema aliahidiwa pauni 60 akioa, na pauni 200 za wosia mzee akifa.

Ili mjue uzito wa pauni 60, mwalimu wa shule ya Stratford kwao Shakespeare alikuwa anapata pauni 20 kwa mwaka, na huo ulihesabiwa mshahara mzuri. Yaani miaka mitatu ya mwalimu.

Belott alipata nini? Kama pauni 10 na vyombo. Orodha ya vyombo ipo, na inauma ukiisoma, godoro la manyoya la zamani, mto, blanketi mbili, shuka jozi mbili, taulo, stuli mbili za zamani, kabati, mkasi mdogo jozi mbili, sanduku la zamani. Walipohama kwa mzee walikaa kwa mtu anaitwa George Wilkins, mwenye nyumba ya kuuza chakula na pombe ambaye pia aliandika michezo, na huyo aliambia korti kwamba vile vitu vyote asingevinunua zaidi ya pauni 5.

Fundi, uliposema godoro na meza na mkasi nilisimama nikatembea kidogo kabla ya kurudi kuandika.

Tarehe 11 Mei 1612 ndo Shakespeare akatoa ushahidi. Karani akaandika yeye ni bwana wa Stratford, umri miaka 48 hivi. Akasema anawajua wote wawili miaka kama kumi. Akamsifu Belott, kwamba alikuwa mtumishi mwema na mwenye bidii, na Mountjoy mwenyewe alikuwa anamsifu vilevile. Akasema ndio, kulikuwa na ahadi ya fungu. Halafu akafika pale pa maana, ni ngapi, na lini, akasema hakumbuki. Akaweka sahihi iliyokatwa katikati, hata jina hakulimaliza. Hiyo karatasi ipo hadi leo kwenye nyaraka za serikali London, ilipatikana 1909 na mwalimu wa chuo kutoka Nebraska Marekani, Charles William Wallace, pamoja na mkewe Hulda, walikuwa wanapekua mafungu ya karatasi za korti ambazo hakuna mtu alikuwa amezigusa.

Sasa sikiliza hii vizuri, na wewe mama pia. Kulikuwa na shahidi mwingine, Daniel Nicholas. Huyo alisema Belott alimtuma kwa Shakespeare aulize ahadi ilikuwa gani, na Shakespeare akamwambia ni kama pauni 50 na vyombo vya nyumba. Na akasema zaidi, kwamba ni Shakespeare mwenyewe aliyewakutanisha wale vijana wawili wakakubaliana kuoana mbele yake. Kwa hivyo nje ya korti alitaja 50. Ndani ya korti hakumbuki.

kijana_kondele (Kisumu)

Nimesoma hii thredi mara mbili nimekasirika kabisa, na sitaficha.

Mimi ni mekanika. Nilijifunza kwa gereji ya mtu miaka minne kwa ahadi kwamba nikimaliza nitapewa seti ya spana na pesa ya kuanzia, na nilipomaliza mdosi akasema hiyo ilikuwa maneno tu ya kunipa moyo. Kulikuwa na mtu mzima alikuwepo akisema hayo maneno. Nilipomfuata akaniambia kijana, mambo ya zamani hayo, mimi sikumbuki. Naona hata huruma alikuwa nayo usoni. Lakini huruma haikuninunulia spana.

Kwa hivyo fundi, samahani kwa kuongea na wewe hivi na wewe ni mkubwa wangu, lakini nataka ujue venye hilo neno linasikika ukiwa upande huu. Ukisema nakumbuka ahadi lakini sikumbuki kiasi, unaona umempa kijana nusu. Hakuna nusu. Ahadi bila kiasi mdosi anaruka nayo tu, atasema ndio niliahidi na si nilimpa godoro?

Na huyo Mountjoy si ndo venye alisema? Mwalimu tuambie, Belott alipata ngapi mwisho?

karani_mstaafu (Bungoma)

Nimefanya kazi ya karani wa korti miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hivyo ruhusuni niingie kwa upande wa sheria, halafu nitamjibu kijana swali lake kwa sababu jibu lake ni la uchungu.

Kwanza korti. Ile haikuwa korti kubwa ya sheria za kawaida. Ilikuwa korti ya maombi pale Westminster, ilianzishwa wanyonge wapate haki kwa gharama ndogo, haikubanwa sana na taratibu, iliangalia nini ni haki baina ya watu. Ilikuja kufa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe miaka ya 1640. Ushahidi wake haukuwa wa kusimama kizimbani wakili akakubana. Maswali yanaandikwa mapema, shahidi anasomewa swali moja moja, anajibu, karani anaandika kwa maneno yake, "shahidi huyu asema kwamba." Nimeandika maelfu ya hayo. Na nawaambia kitu ambacho watu wa nje hawajui, kwa utaratibu kama huo shahidi akijibu "sikumbuki" swali limekufa. Hakuna mtu wa kumrudishia papo hapo, lakini bwana, kwani si wewe ulimwambia Daniel Nicholas pauni 50?

Kwa hivyo simuiti Shakespeare mwongo kama anavyomuita mama. Ndoa ilikuwa 1604, ushahidi 1612, karibu miaka minane. Mtu anaweza kusahau. Lakini pia alikuwa amekaa nyumba ya yule mzee, na alikuwa ametumwa na mke wa mzee. Ndiyo sababu ukali wangu uko mahali pengine. Hata kama hakumbuki kwa hakika, alikuwa na kitu kingine cha kusema. Angesema "siwezi kuapa kiasi, lakini nakumbuka nilipoulizwa zamani nilisema kama 50." Hiyo si uongo, hiyo ni ukweli wote. Kwa karatasi tulizonazo hakusema hivyo, na kwenye vikao vya Juni wengine walisikizwa lakini hakuna jibu lake tena.

Sasa kijana, mwisho wake. Mashahidi walipishana, mmoja kasikia hivi mwingine vile, korti ikashindwa kushika kiasi. Ikafanya nini? Ikarudisha kesi kwa wazee wa kanisa la Wafaransa pale London, kwa sababu wote wawili walikuwa watu wa kanisa hilo. Yaani wazee, kama hawa wa fundi. Wazee wakaandika kwamba wote wawili, baba na mkwe, ni watu wa maisha mabaya. Halafu wakaamua Mountjoy amlipe Belott nobeli 20. Nobeli moja ilihesabiwa shilingi 6 na peni 8, kwa hivyo jumla ni pauni 6 shilingi 13 na peni 4. Alidai 60 akaamuliwa 6 na kidogo, hiyo ni kama sehemu moja kwa tisa. Na mwaka mmoja baadaye Mountjoy alikuwa bado hajalipa hata hizo.

Sasa la kwetu. Fundi, sheria ya mikataba hapa Kenya inachukua msingi wa ile ya Uingereza. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Unaohitaji maandishi ni kama wa kuuza ardhi, ama mtu kudhamini deni la mwingine. Waingereza wenyewe mwaka wa 1677 walitunga sheria kwamba ahadi ya pesa kwa ajili ya ndoa lazima iandikwe isainiwe, kwa sababu walichoka na mashahidi wa aina hii. Miaka 65 baada ya Belott. Ingekuwepo wakati wake kesi yake ingekufa siku ya kwanza, au labda baba mkwe angelazimishwa kuandika, tusemeje.

Lakini swali ambalo mimi ningeuliza wazee ni lingine, huyo kijana alipokea nini badala ya ahadi? Ahadi ya bure, kama ile mtu anatoa kwa harambee akishashangiliwa, ni ngumu sana kuidai. Lakini huyu alifanya kazi miaka sita bila mshahara. Na akaoa kwa kuitegemea hiyo ahadi. Hiyo si zawadi tena, ile pesa imeshalipiwa kwa jasho. Wazee wakishindwana, kuna korti ya madai madogo inayosikiza mpaka shilingi milioni moja na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na madai ya mkataba yana miaka sita tangu ahadi kuvunjwa, kwa hivyo muda anao lakini asilale. Na Katiba ya 2010 inasema korti zihimize mapatano na njia za kienyeji, kwa hivyo kwenda kwa wazee kwanza hajapoteza kitu.

mama_kibuye

Karani nimekusikia na nakuheshimu. Lakini mimi bado sijashawishika. Wewe unasema miaka minane mtu anasahau. Mimi nasema mtu anasahau kile hataki kukibeba.

Ebu fikiria huyo Belott. Anakaa kwa hiyo nyumba, mama wa nyumba anampenda, mpangaji anayeheshimika anakuja jioni anakaa naye anamwambia oa huyu msichana utapewa kitu. Daniel huyo alisema nini mwalimu, si alisema mzee alitishia pia, kwamba Mary asipomuoa Belott hatapata kitu kwake?

mwalimu_lurambi

Ndivyo, mama. Kwa maneno ya Nicholas, Shakespeare alimwambia kwamba mzee alisema binti akiolewa na Belott watapewa fungu, asipomuoa hatamgharimu babake hata groti moja. Groti ilikuwa sarafu ya peni nne, kitu kidogo sana.

Na naomba niseme nimebadilisha kidogo nilivyofikiria asubuhi. Nilikuwa naona ni kesi ya baba mkwe bahili. Lakini vile kijana wa Kondele ameandika imenifanya nimtazame Mary. Karatasi zote zile, hakuna mtu alimwita Mary aulizwe. Yeye ndiye aliyebebana na yule bwana kutoka nyumba hadi nyumba na lile godoro la zamani, yeye ndiye babake alisema hivyo juu yake, na hakuna mstari hata mmoja wa sauti yake. Nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka, karatasi za korti zinatupa watu wa kawaida ambao historia ingewasahau, wajakazi, wanafunzi wa kazi, wakimbizi wa Kifaransa, tena kwa maneno yao. Ni kweli. Lakini hata hapo kuna wale hawakuitwa.

Fundi, je, yule binti aliyelelewa na mzee, kuna mtu amemuuliza anakumbuka nini?

fundi_bondeni

Asanteni sana. Nimesoma kila kitu, na nimechelewa kujibu juu mwalimu, hilo swali lako la Daniel Nicholas lilinigonga na nikaenda nyumbani mapema.

Nilimuuliza mke wangu, ile siku nilitoka kuongea na mzee kwa chai, nilikwambia nini? Hakufikiria hata dakika moja. Akasema ulikuja umefurahi, ukasema mzee amekuwa mtu mwema sana, atampa kijana laki mbili. Na akaniambia anakumbuka juu alinijibu hapo hapo kwamba laki mbili inaweza kutufungulia sisi duka la kitambaa, na nikakasirika kidogo kwamba anafikiria pesa za watu. Hiyo sehemu ya kukasirika nimeikumbuka mara moja alivyoisema. Laki mbili yenyewe bado haijarudi kichwani mwangu kama kitu nilisikia kwa masikio yangu, na sitaki kujidanganya kwamba imerudi.

Kwa hivyo mimi ndo Shakespeare na mke wangu ndo huyo Nicholas. Karani, mke wangu anaweza kusema mbele ya wazee, ama watasema ni maneno ya kusikia?

Mwalimu, binti sijamuuliza. Nimeona aibu kuandika hivyo lakini ni kweli, sikumfikiria.

Kijana wa Kondele, usiombe samahani. Ungenificha hivyo ndo ningekosea.

karani_mstaafu

Kortini maneno ya mkeo yangebanwa, kwa sababu yeye hakumsikia mzee, alikusikia wewe. Lakini hapo ni kwa wazee, wazee wanasikiza kila mtu halafu wanapima wenyewe. Na hata kwa korti, kitu shahidi alikiandika wakati ule ule kinaweza kutumika kumkumbusha. Umewahi kumwandikia mtu meseji siku zile? Hata kwa ndugu yako? Tafuta.

Jumamosi sema vitu vitatu na usivichanganye. Nililosikia kwa masikio yangu. Nisilokuwa na hakika nalo. Na nililomwambia mke wangu siku ile ile, na yuko hapa. Ukianza na "sikumbuki" utakuwa umefunga mlango kabla hujaingia. Anza na unalolijua.

kijana_kondele

Na usikae upande wa mzee, hata kwa kiti. Wazee wanaona hizo vitu.

mama_kibuye

Enda na huyo binti. Akisimama hapo mzee atashindwa kuangalia juu.

fundi_bondeni

Narudi kuwaambia venye ilienda, juu mlinibeba na si vizuri ninyamaze.

Meseji sikupata, simu ya wakati ule iliibwa pale stage. Nilienda na mke wangu, na nilimwendea binti Ijumaa usiku nikamuomba msamaha kwanza, halafu nikamuuliza. Akasema mjomba wake hakuwahi kumtajia kiasi, lakini alimwambia asubuhi ya harusi, "nimekununulia karakana." Nikamuuliza kwa nini hakusema hii miaka yote. Akasema hakuna mtu aliniuliza.

Jumamosi nikaanza kama karani alivyosema. Nikasema nilikuwa wapi, mzee alisema nini, kwamba nilipeleka ujumbe mimi mwenyewe na kijana akaoa kwa kuamini maneno yangu, kwa hivyo kama pesa haitoki na mimi pia niko ndani ya hiyo deni. Nikasema kiasi siwezi kuapa, laki moja na nusu ama laki mbili, lakini jioni ile nilimwambia mke wangu laki mbili. Mke wangu akasimama akasema. Binti akasimama akasema yale ya asubuhi ya harusi, kwa sauti ndogo lakini walisikia.

Mzee alikuwa amekaa kimya wakati wote, mikono kwa magoti. Halafu mke wangu alivyorudia laki mbili, akainuka ghafla akasema, "Hapana, mimi sikusema laki mbili!"

Mwenyekiti wa wazee akamuuliza polepole tu, "Sawa mzee wetu. Sasa ulisema ngapi?"

Hakujibu. Alikaa chini akaomba wampe wiki moja. Wazee wakampa mpaka Jumamosi ijayo, na wakaandika kwa kitabu chao kwamba ahadi imekubaliwa na kinachobaki ni kiasi. Wakatusainisha sote, hata binti.

Kijana alinishika mkono tukitoka, hakusema mengi. Aliniambia tu kwamba hata wakimpa laki moja ataichukua, juu amechoka.

Leo asubuhi mzee alifungua kibanda mapema kuliko mimi. Hakunisalimia. Ilipofika saa nne nikampelekea chai kama kila siku, nikaiweka pale kwa ukingo wa meza yake ya kukatia kitambaa. Alikaa akiiangalia muda mrefu, halafu akaichukua.